Mpishi wa Chapati na Ubongo wa Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Kauli hii niliikariri nikiwa shule ya msingi, nikaipachika katika insha zisizo na idadi, lakini sikuielewa barabara hadi likizo ya Aprili mwaka 2025. Siku hiyo nilisimama mbele ya mama yangu mzazi nikimwomba shilingi 20,000 za kununulia prosesa, yaani ule ubongo wa tarakilishi. Aliniuliza swali moja tu, nami mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu nikakosa jibu.

Huenda msomaji akashangaa ni lini wanafunzi wa fasihi na isimu walianza kujishughulisha na vyuma. Yafaa basi nieleze. Tarakilishi yangu, niliyoiunganisha kipande kwa kipande kwa vifaa vya mkono wa pili, hunifanyia kazi mbili. Kwanza, mimi ndiye mhariri wa video za chama chetu: ngonjera, maigizo, mihadhara na mashindano ya ushairi hupitia mikononi mwangu kabla hayajahifadhiwa. Pili, Ijumaa usiku huwa napeperusha mubashara mechi za kandanda la tarakilishi wanazocheza wenzangu bwenini, nikizitangaza kwa Kiswahili sanifu. Nilikulia katika nyumba ambamo redio haikuzimwa, na sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga mwezi Februari mwaka 2025, ndiyo iliyonifunza kwamba mpira unaweza kuonekana kwa masikio. Nilitamani kumuenzi kwa namna yangu ndogo.

Mwezi Machi mambo mawili yalinitokea, na yote mawili yakanitia fedheha. La kwanza lilikuwa usiku wa fainali ya mabweni. Dakika za lala salama, mshambuliaji alipojitwika mpira kuelekea langoni, picha iliganda. Sauti yangu iliendelea kusikika, nikipanda na kushuka kwa mbwembwe zote, ilhali watazamaji walikuwa wakiangalia mpira ulioning'inia hewani mithili ya embe lisilotaka kuanguka. Mmoja wao aliniandikia kwamba leo natangaza mechi ya sanamu. Nilicheka pamoja nao, ingawa kicheko changu hakikuvuka meno.

La pili halikuwa la kuchekesha. Chama kilikuwa kimerekodi muhadhara wa mwalimu mmoja mstaafu kuhusu bahari za ushairi, saa mbili kamili, kwa simu mbili zilizowekwa pembe tofauti. Niliahidi kwamba video hiyo ingekuwa tayari kwa hafla ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Nilihariri kwa taabu, kila nikigusa kitufe tarakilishi ikifikiri kwanza kama mzee anayeulizwa umri wake. Hatimaye, saa nne usiku, niliiamrisha itoe faili ya mwisho. Kazi hiyo ilihitaji zaidi ya saa saba. Alfajiri, ikiwa imebakia sehemu ndogo tu, stima zilipotea. Asubuhi hiyo mwenyekiti wetu alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba prosesa yangu imezeeka na sharti ibadilishwe. Nilishuka hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, mahali ambapo duka la vifaa vya umeme hupakana na duka la vifaa vya umeme. Muuzaji mmoja alinisikiliza kwa nusu dakika kisha akaanza kunimiminia tarakimu: viini vinane, nyuzi kumi na sita, gigahezi kadha wa kadha. Alinishauri niache kutia viraka na ninunue mtambo mpya kabisa, nilipe polepole. Nilitoka pale kichwa kikiwa kimejaa namba na mfuko ukiwa mtupu. Hata hivyo, nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba penye tarakimu kubwa ndipo penye suluhisho.

Kwetu ni Voi. Mama ana hoteli ndogo kando ya barabara ya Mombasa, karibu na kituo cha malori, na hoteli hiyo ndiyo iliyonisomesha. Nilifika likizoni nikijua kwamba zamu yake ya kupokea fedha za chama cha akina mama ilikuwa imewadia. Nilijua pia kwamba fedha hizo alikuwa amezikusudia jokofu, kwa maana nyama ilikuwa ikimharibikia kila joto lilipozidi. Hata hivyo, mwenye shida hana haya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sema, maana nakuona umelizunguka jambo tangu asubuhi."

Nikamweleza kwamba nahitaji prosesa. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akauliza, "Hicho unachotaka kununua kitafanya nini ambacho hiki ulicho nacho hakiwezi?"

Nilifungua kinywa. Maneno yaliyonijia yote yalikuwa ya muuzaji wa Luthuli, na yote yalikuwa ya Kiingereza. Mama anajua Kiswahili na Kitaita. Kiingereza chake ni cha kusomea risiti. Mimi ambaye darasani hubishana kuhusu kama tuseme tarakilishi au kompyuta, mimi ambaye huwacheka wenzangu wanaochanganya ndimi, nilikuwa sina sentensi moja ya Kiswahili ya kumwambia mama kile ambacho fedha za jokofu lake zingenunua. Ukweli mchungu zaidi ni kwamba hata kwa Kiingereza nilikuwa nimekariri tu, sikuwa nimeelewa.

Nikaomba muda. Jioni ile niliketi chini ya mwembe na simu yangu, nikasoma, nikajaribu kutafsiri si maneno bali kazi. Kesho yake, wakati wateja wa asubuhi walipopungua, nilimfuata jikoni, na jiko lenyewe likawa kamusi yangu.

Nilimwambia kwamba tarakilishi ni hoteli. Diski ni ghala ambamo magunia huhifadhiwa. Kumbukumbu ya RAM ni meza ya kufanyia kazi: kilicho mezani hufikiwa haraka, na meza ikijaa sharti uende ghalani na kurudi. Prosesa ndiyo jopo la wapishi. Kila kiini ni mpishi mmoja. Baadhi ya wapishi wana nyuzi mbili, maana yake wanaweza kuangalia sufuria mbili kwa zamu: maji ya ugali yakisubiri kuchemka, mkono unakata sukuma. Kisha kuna kile kibao kidogo cha viungo kilicho karibu kabisa na mpishi, asichohitaji hata kugeuka ili akifikie. Hicho ndicho akiba ya ndani ya prosesa. Prosesa yangu, Ryzen 3 2200G iliyotolewa mwaka 2018, ina wapishi wanne wenye uzi mmoja mmoja, na kibao cha pamoja cha megabaiti 4.

Mama alisikiliza bila kunikatiza. "Na usiku ule picha ilipoganda, wapishi hao wanne walikuwa wakifanya nini?"

Nikamweleza kwamba walikuwa wakiuendesha mchezo wenyewe, na papo hapo wakiibana kila picha iwe ndogo ili ipite mtandaoni, takribani picha sitini kila sekunde. Kubana huko huitwa usimbaji, na ndiko kulikowalemea.

"Hakuna mwingine wa kufanya hiyo kazi ya kubana?"

Nilisita. Nilikuwa nimesoma usiku ule kwamba kadi yangu ya michoro, GTX 1650 Super, ina sehemu maalumu ambayo kazi yake ni kusimba na si vinginevyo. Kampuni ya NVIDIA ilianza kuzitia sehemu za namna hiyo katika kadi zake mwaka 2012, na ile iliyo katika kadi yangu ni ya kizazi kilichoboreshwa sana. Nilimwambia hivyo.

Mama aliuweka ungo chini. "Kwa hiyo una mpishi wa chapati, hajui kupika kingine, na amekaa bure. Nawe unamlazimisha mpishi wa pilau aache sufuria yake akasukume chapati. Halafu pilau ikiungua unakuja kwangu kuomba fedha za kuajiri mpishi mwingine?"

Ndugu msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Katika programu ya OBS Studio ambayo hutumiwa bila malipo na watangazaji wengi wa michezo, kuna mahali pa kuchagua nani asimbe: prosesa au kadi ya michoro. Mimi nilikuwa nimeiacha kazi kwa prosesa tangu siku ya kwanza, kwa kutojua. Niliporejea chuoni nilibadilisha chaguo hilo. Aidha, nilipima kasi ya mtandao wetu wa bwenini ya kupakia, nikaona haifiki hata kilobiti 6,000 kwa sekunde ambazo hupendekezwa kwa picha ya mistari 1080 yenye fremu sitini. Nikashusha picha hadi mistari 720 na fremu thelathini, ambayo huridhika na kilobiti 3,000. Ijumaa iliyofuata mechi ilipita kama maji mferejini. Fedheha yangu ya kwanza ilitibiwa bila senti moja.

Lakini nisikimbie mbele ya hadithi. Pale jikoni, mama alikuwa bado hajamaliza. "Na hiyo ya pili, ya mwalimu? Huyo wa chapati hawezi kuisaidia?"

Hapa angalau nilikuwa na jibu. Angeweza kuharakisha kutoa faili, lakini kwa video za kuhifadhiwa miaka na mikaka nilitaka usimbaji wa prosesa, kwa kuwa ukipewa muda wake huhifadhi picha vizuri zaidi kwa ukubwa uleule wa faili. Isitoshe, programu ninayotumia kuhariri, Kdenlive, huwapa wapishi wa prosesa sehemu kubwa ya kazi: kubadilisha rangi, kuunganisha pembe mbili, kutia manukuu. Hiyo ni kazi inayogawika. Wakiongezwa wapishi, inapungua muda. Kwa uhariri, basi, haja ya prosesa ilikuwa ya kweli.

"Sawa," akasema. "Wangapi?"

Swali hili la wangapi ndilo lililonipambanua na tamaa yangu. Kulikuwa na njia kadhaa, nasi tukazipitia moja baada ya nyingine huku akikaanga vitunguu.

Njia ya kwanza ilikuwa ile ya muuzaji: mtambo mpya wa soketi ya AM5. Soketi hiyo ya mwaka 2022 hukubali kumbukumbu za aina ya DDR5 pekee, kwa hivyo bodi kuu yangu na kumbukumbu yangu ya DDR4 zingekuwa za kutupwa. "Huko ni kujenga hoteli nyingine," mama akaamua. Njia ya pili ilikuwa Intel Core i5-12400, prosesa nzuri ya viini sita na nyuzi kumi na mbili, yenye kisimbaji chake cha ndani kinachosaidia katika uhariri. Ningeweza kubaki na kumbukumbu yangu nikichagua bodi ifaayo, lakini bodi yenyewe ingekuwa gharama ya pili. "Huyo mpishi anakuja na jiko lake, na jiko tunalinunua sisi," nilimweleza. Akatikisa kichwa.

Zilibaki prosesa za soketi ya AM4, ambazo bodi yangu ya B450 inaweza kuzipokea. Hapa pana kisa kidogo chenye funzo. Mwezi Mei mwaka 2020 kampuni ya AMD ilitangaza kwamba bodi za B450 hazingehudumia kizazi cha prosesa kilichokuwa kikitarajiwa. Wanunuzi walilalamika, na kabla ya mwezi huo kwisha kampuni ikabadili uamuzi. Kutokana na malalamiko hayo, mwanafunzi wa Voi miaka mitano baadaye aliweza kuboresha tarakilishi yake pasipo kununua bodi nyingine.

Katika jamii hiyo nilimtajia mama Ryzen 7 5700X, wapishi wanane wenye nyuzi mbili mbili, ndiyo niliyoitamani. Bei yake, hata ya mkono wa pili, ingemeza fedha zote. Akaniuliza, "Wateja wako kwa mwezi ni wangapi?" Nikahesabu: video mbili, kwa nadra tatu. "Mimi sipiki sahani thelathini kwa wapishi wanane," akasema. Nikamtajia Ryzen 5 5600G, ambayo ina michoro yake ya ndani na humfaa sana asiye na kadi. Mimi ninayo kadi. Nikamtajia Ryzen 5 5500, viini sita na megabaiti 16 za akiba ya ndani. Mwishowe nikamtajia Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022: viini sita, nyuzi kumi na mbili, akiba ya megabaiti 32, na makadirio ya wati 65, sawa na prosesa yangu ya zamani, hivi kwamba hata kipoza joto nilicho nacho kingetosha. Tofauti ya bei baina ya hizi mbili za mwisho, kwa vifaa vya mkono wa pili, ilikuwa ndogo.

"Na meza?" mama akauliza ghafla. "Umesema wapishi wanaongezeka. Meza ni ileile?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa na gigabaiti 8 katika kijiti kimoja. Kuongeza kijiti cha pili kinachofanana kungenipa gigabaiti 16, na zaidi ya hapo kungefungua njia mbili za data badala ya moja, kwa kuwa bodi za namna hii hufanya kazi kwa jozi. Wapishi sita kwenye meza ya mpishi mmoja wangegongana viwiko tu.

Mama alinipa zile shilingi 20,000. Hakunipa kwa maneno matamu. Alizihesabu mara mbili, akaniambia, "Nataka hesabu." Jokofu lilisubiri.

Nilirudi Nairobi nikiwa mtu mwingine. Fundi mmoja aliyekuwa na Ryzen 5 5600 iliyotumika alishangaa nilipoigeuza kifudifudi na kuikagua kwa tochi ya simu. Prosesa za AM4 hubeba miguu yao zenyewe, jumla 1,331, na mguu mmoja uliopinda waweza kuwa hasara tupu. Nilimwomba aiwashe mbele yangu. Nililipa shilingi 13,000. Kijiti cha kumbukumbu kilinigharimu 3,500, na gundi ya kupitisha joto 300.

Kuipachika nako kulikuwa na miiko yake. Kabla ya kuitoa prosesa ya zamani, sharti usasishe programu msingi ya bodi, ile BIOS, la sivyo bodi haitamtambua mgeni. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa. Nami tayari nilikuwa nimeumwa na nyoka, kwa hivyo hata ung'ong'o uliniogofya. Niliazima betri ya dharura kwa rafiki ndipo nikaanza. Kisha niliiwasha tarakilishi kwa dakika kadhaa ili gundi ya zamani ilainike, nikaizima, nikakizungusha kipoza joto taratibu kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Anayekivuta kwa pupa huweza kuing'oa prosesa pamoja nacho na kuipinda miguu.

Nilifungua tena muhadhara wa mwalimu wetu. Sitadai kwamba miujiza ilitendeka. Faili za simu zilizobanwa sana bado zilisitasita nilipozihariri, nami nikajifunza kuiamuru programu iunde kwanza nakala wakilishi, yaani video ndogo nyepesi za kufanyia kazi, na kuzirejelea zile asilia wakati wa kutoa faili. Hili nalo ningeliweza kulifanya hata kwa prosesa ya zamani, laiti ningalijua. Lakini faili ya mwisho, iliyokuwa ikidai zaidi ya saa saba, ilikamilika kwa saa mbili na nusu, mchana kweupe, stima zikiwepo. Tuliionyesha katika kikao cha chama mwezi Mei. Mwalimu mwenyewe alikuwepo, akajiona akiipiga mizani kwa vidole mezani, akatabasamu.

Nilimpigia mama na kumpa hesabu: 13,000, na 3,500, na 300. Zilizobaki, shilingi 3,200, nilimrudishia kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hizi ni mwanzo wa jokofu. Zilizosalia utanilipa ukianza kazi." Naandika haya nikiwa bado na deni hilo, na ninalikumbuka kila ninapobonyeza kitufe cha kuwasha.

Nimalizie kwa neno kwa wanachama wenzangu. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na teknolojia, na mara nyingi ushahidi tunaoutoa ni orodha ya istilahi. Istilahi ni muhimu, wala sizibezi. Lakini mimi nilikuwa nazo istilahi na bado nilikaribia kupoteza fedha za mama, kwa kuwa sikuwa nimeieleza kazi yenyewe kwa mtu ambaye angeniuliza swali. Niliposhurutishwa kuieleza kwa lugha ya jikoni, makosa yangu yalijitokeza yenyewe, na mtu ambaye hajawahi kugusa tarakilishi akayaona kabla yangu. Tarakimu za muuzaji hazikuwa za uongo. Zilikuwa tu majibu ya maswali ambayo sikuwa nimeyauliza.

Basi, ewe mwenzangu unayekusudia kununua prosesa, au chochote kingine ambacho muuzaji hukieleza kwa namba, usiondoke nyumbani kabla hujamweleza mama yako kazi ya kile kitu kwa Kiswahili. Akikuelewa, nenda ununue. Akikuuliza kuhusu mpishi wa chapati, kaa chini kwanza.